Mbuzi Yupi, Mbuzi Ipi

"Umejikata na nini?"

"Mbuzi," nikasema.

Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyeisikia hadithi hiyo mara mia. Akaandika kwenye daftari langu, akaniagizia sindano ya pepopunda na vidonge vya siku saba.

"Hizi mbuzi za nazi zitatumaliza," akasema. "Mke wangu naye juzi kajikata."

Nikacheka. Sikumsahihisha.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi, hapa Tanga. Kila mwaka nasimama mbele ya watoto nikiwaambia kwamba anayekula majani ni mbuzi huyu, na tunayokalia kukuna nazi ni mbuzi hii. Wanacheka, wanaandika, mwaka unaofuata wamesahau. Siku ile kwenye zahanati ngeli ilinifaa kuliko siku zote nilizowahi kuifundisha. Ningeongeza neno moja tu, iliyonikata au niliyemshika, ningejifichua. Kwa hiyo sikuongeza.

Nimekaa na jambo hili tangu Juni.

## Elfu thelathini

Tuanze mnadani, siku tatu kabla ya Idi ya kuchinja ya mwaka 2025. Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, kwa kuwa mwanamke peke yake mnadani hutajiwa bei ya mgeni. Mbuzi walikuwa wengi na bei zilikuwa zimesimama kwa miguu ya nyuma. Kwa fedha niliyokuwa nayo, walionijia ni wale wa kutia huruma.

Isipokuwa mmoja. Beberu mchanga, mweupe mwenye doa la kahawia begani, mgongo umejaa. Muuzaji alitaja 180,000. Nikainama kumtazama meno, nikaona mdomo.

Pembeni mwa mdomo, kote kuwili, palikuwa na vigaga. Vya rangi ya kahawia iliyoelekea nyeusi, vimepandana kama masizi ya sufuria, na kimoja kilikuwa kimepasuka kikatoa damu kidogo. Puani navyo viwili vitatu.

"Miiba hiyo," muuzaji akasema kabla sijauliza. "Wametoka Handeni kwa miguu, wanakula miiba njia nzima."

Mdogo wangu akanivuta kanga. "Dada, huyu mdomo wake..."

"Miiba," nikamwambia.

Muuzaji akashusha hadi 150,000. Hakuna mtu anayekupunguzia elfu thelathini wiki ya Idi kwa sababu amekupenda. Nilijua hivyo pale pale, fedha zikiwa bado mkononi mwangu.

Nikalipa.

## Mbuzi wawili usiku mmoja

Usiku wa kuamkia Idi nilikuna nazi sita. Ya tano au ya sita, mkono ukateleza, meno ya mbuzi yakanichubua kidole cha shahada cha kulia, upande wa ndani karibu na kucha. Mchubuko mdogo. Nikaunyonya, nikaosha kwa maji, nikaendelea na tui.

Asubuhi, watu wametoka kuswali, mdogo wangu akanoa kisu mbali na macho ya mnyama kama inavyotakiwa. Mimi nikaenda kumnywesha maji. Alikunywa vizuri. Kigaga kimoja kilikuwa kinaning'inia kwenye mdomo wa chini, kinamsumbua, kila akitia mdomo kwenye bakuli kinajikunja. Nikakibandua kwa kidole. Kilitoka na unyevu kidogo, chini yake nyama nyekundu.

Nilijiambia ni huruma. Labda ilikuwa huruma. Labda pia sikutaka majirani waliokuwa wanakuja na mabakuli wakione.

## Kidole

Siku ya sita kikatoka kipele chekundu, saizi ya dengu. Hakikuuma. Wiki ya pili kikawa na duara: katikati nyekundu, kisha mviringo mweupe, kisha wekundu tena nje, utadhani mtu amekichora kwa bikari. Hapo ndipo nilipokwenda zahanati na kutaja mbuzi.

Vidonge nikavimaliza. Kidole hakikujua kama kuna mtu aliyemeza vidonge. Wiki ya tatu kikavimba kama zabibu, rangi ya zambarau, kikaanza kuvuja maji. Mtoki ukanitoka kwapani. Ajabu ni kwamba maumivu yalikuwa madogo kuliko sura yake. Wanaonitazama waliumia kuliko mimi.

Shangazi akasema mdudu wa kidole. Akatoboa ndimu, akanivisha kama kofia, nikalala nayo siku mbili. (Ndimu yenyewe ilikuwa nzuri. Ilinituliza kwa sababu shangazi alikuwa amenishika mkono muda wote, sijui ndimu ilifanya nini.) Duka la dawa wakasema fangasi. Na shule zilipofunguliwa Julai, mwalimu mwenzangu aliona bendeji, akatazama bango la mpox, homa ya nyani, lililobandikwa ofisini, akahamisha kiti chake taratibu. Simlaumu. Wizara ilikuwa imetangaza wagonjwa wa kwanza nchini Machi, na kila mwenye upele alikuwa anatazamwa mara mbili.

Nikarudi zahanati ile ile. Daktari wa kwanza hakuwepo. Huyu wa pili alikuwa kijana, makini, na alikuwa tayari ameomba kisu cha kupasulia. Kabla ya kuvaa glavu akaniuliza:

"Mama, umeshika au umekula nyama ya mzoga? Mnyama aliyekufa ghafla?"

Swali la kimeta hilo. Nikachukia. Mimi, mwalimu, mzoga?

"Hapana," nikasema, na nilisema kweli. "Nimejikata na mbuzi."

Mara ya pili, neno lile lile.

## Kwa nini swali lake lilikuwa zuri

Nimelifikiria sana swali la yule kijana. Kimeta husababishwa na bakteria, na kikiingilia kwenye ngozi huanza kwa kipele kisichouma, kisha jeraha linageuka jeusi katikati na kuvimba pembeni. Kinatibika kwa dawa kikiwahiwa, na kinaua kisipotibiwa. Kwa mtu anayeona kidole kilichovimba chenye weusi katikati, kuuliza habari za mnyama ndiyo kazi yenyewe.

Aliniuliza. Nami nikajibu swali nililotaka kuulizwa.

Kwa wiki kadhaa niliwaambia mashoga zangu kwamba nimezunguka sehemu tatu na hakuna aliyehangaika kujua nilishika nini. Niliisimulia vizuri, kwa mikono na sauti za watu, wakasikitika na hali ya hospitali zetu. Ilikuwa hadithi tamu. Ila haikuwa kweli. Wawili waliniuliza, mmoja kwa mapana, mmoja kwa kulenga kabisa, na wote wawili niliwapa neno lisilo na mkia.

Kama kingekuwa kimeta kweli, ningekufa kwa elfu thelathini.

Siku ile sikupasuliwa. Umeme ulikatika, yule kijana akasema hapasui gizani, nirudi kesho. Sikurudi.

## "Mdomo wake ulikuwaje?"

Daktari wa ngozi niliyempata mwishowe alikuwa dada mdogo kwangu kwa miaka, aliyesomea mambo ya ngozi Moshi. Hakukigusa kidole. Alikitazama kwa mbali, akageuza mkono wangu kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kana kwamba anauliza habari za nyumbani:

"Idi mlichinja?"

"Tulichinja."

"Mbuzi au kondoo?"

"Mbuzi."

"Mdomo wake ulikuwaje?"

Nikanyamaza. Nje kulikuwa na mtu anauza maji, nikasikiliza bei ya maji mpaka alipopita.

"Ulikuwa na vigaga," nikasema. "Niliviona mnadani. Nikakibandua kimoja kwa kidole hiki, na kidole kilikuwa na mchubuko."

Hakunishangaa. Akaandika herufi tatu, O, R, F, akazizungushia duara. Orfu. Nikamuuliza jina la Kiswahili, ugonjwa wa kazi yangu huo. Akasema yeye huwaambia wagonjwa "vigaga vya mbuzi", wanaelewa.

Yaliyofuata nayaandika kama alivyonieleza, pamoja na niliyosoma baadaye. Ni kirusi cha kondoo na mbuzi, hasa watoto wao, kinachotoa vigaga midomoni na puani, na mara nyingine kwenye chuchu za mama anayenyonyesha, mpaka anawapiga mateke wanawe. Kwa mtu kinaingilia penye mkwaruzo, na huonekana baada ya siku tatu hadi saba hivi. Kisha kidole kinapita hatua zake: kipele, duara, kuvuja, kukauka, kutoa vijinyama, kupona. Wiki sita, pengine nane. Dawa za bakteria hazikigusi, labda bakteria wawe wamedandia juu. Kupasua hakusaidii, kunaongeza jeraha na kuchelewesha kupona.

"Kwa hiyo dawa yake?"

"Osha, kausha, funika. Na usikichokoe."

Akanieleza pia kwamba kwa kawaida hakiruki kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo wanafunzi wangu wako salama, na kwamba nyama iliyopikwa ikaiva haina neno. Mwenye kinga dhaifu ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwake uvimbe huweza kuwa mkubwa na mkaidi. Ukiugua mara moja si kwamba umekingwa maisha, unaweza kuupata tena. Ng'ombe nao wana ndugu yake kirusi huyu, anakaa kwenye chuchu na kuwatia wakamuaji vinundu vidoleni. Lakini mapele ngozi ya ng'ombe, ule ugonjwa unaowajaza mabonge mwili mzima, hauwapati watu, ingawa sura yake ndiyo inayotisha kuliko yote.

Hakuna kipimo alichonipima. Kile cha kutafuta vinasaba vya kirusi kipo duniani, hapa mezani kwake hakipo, na alisema mara nyingi hakihitajiki. Kidole na habari ya mdomo wa mbuzi vinatosha. Kimoja bila kingine ni kubahatisha.

Nilitoka pale nikiwa nimepewa kipande cha bendeji na karatasi yenye herufi tatu.

## Mwiba wa Sarah

Kuna binti mmoja wa Uingereza ambaye nimekuwa nikimfikiria nikisahihisha madaftari. Sarah Nelmes, mkamuaji. Mwaka 1796 alikuwa amechubuliwa mkono na mwiba, na pale penye mchubuko akashika ndui ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe jina lake limehifadhiwa, Blossom. Daktari wa kijijini, Edward Jenner, akachukua majimaji kwenye mkono wa Sarah, na tarehe 14 Mei akamchanja nayo mtoto wa mtunza bustani wake, James Phipps, wa miaka minane. Baadaye akamtia ndui yenyewe. Mtoto hakuugua.

Yaliyobaki mnayajua, sote tuna alama begani au tunamjua mwenye nayo. Neno letu chanjo limebaki na kile kisu: kuchanja, kutia chale. Wenzetu wa Ulaya neno lao limebaki na ng'ombe, kutoka Kilatini.

Mimi nilikuwa naisoma hadithi hii kama habari ya Jenner. Sasa naisoma kama habari ya mwiba na mkono. Mkono wa Sarah ulikuwa na maana kwa sababu habari ya ng'ombe ilikuja pamoja nao. Angesema "nimechomwa na mwiba" akaishia hapo, asingekuwa ameongopa.

Na mwisho wa hadithi hiyo uko jirani na sisi. Merka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipata homa. Akaambiwa malaria. Vikatoka vipele, akaambiwa tetekuwanga. Siku chache nyuma alikuwa amepanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui, akiwaonyesha njia. Akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa ule kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa umekwisha. Alipona. Uzeeni alikuwa akizunguka kuwahimiza watu wapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, na alikuwa kwenye kazi hiyo malaria ilipomchukua mwaka 2013.

Safari ile ya gari ilikuwa fupi. Ndivyo yalivyo mambo ya kutosema, ni mafupi.

## Waliobaki wa kuambiwa

Daktari alikuwa ameniuliza swali moja zaidi mlangoni: mbuzi alifungwa wapi?

Chini ya mwembe, siku tatu. Mbuzi wa jirani yangu, bi mkubwa mmoja mwenye majike saba, hupita hapo kila jioni kuokota maembe na maganda. Vigaga vikianguka pakavu, kirusi huishi humo miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Nikafagia, nikachoma takataka, nikamwaga maji ya moto na dawa ya kusafishia choo mpaka mdogo wangu akauliza kama namfukuza jini.

Kisha nikaenda kumwambia jirani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Ah, hao wangu walishaugua mwaka juzi," akasema. "Watoto wote midomo ilikuwa hivyo. Nikawapaka mafuta, wakapona." Kisha akanitazama kidole. "Kwani inaingia na kwa watu?"

Akanyosha dole gumba la kushoto. Palikuwa na baka laini, la duara, jeupe kidogo kuliko ngozi yake. Alisema mwaka juzi alilazwa siku mbili kwa dole hilo, wakalipasua, na mpaka leo huamini alitupiwa kitu na mtu anayemjua.

Hilo la mwisho sikulijibu. Sikujua nianzie wapi. Ana mtu ambaye hajamsalimia kwa miaka miwili.

Juni hiyo hiyo serikali ilizindua kampeni kubwa ya chanjo za mifugo: homa ya mapafu kwa ng'ombe, sotoka kwa mbuzi na kondoo, kideri kwa kuku. Vigaga vya mdomo havimo, na sidhani ni kosa. Sotoka inamaliza zizi, hivi vinapona. Hata nchi zenye chanjo yake hutumia kirusi hai kinachochanjwa kwenye ngozi, na mchanjaji asiye na glavu huweza kukipata yeye. Ugonjwa mdogo. Kwa bi mkubwa wangu ulitosha kuvunja ujirani.

Shehe nilimfuata baada ya darsa. Nilimuuliza juu ya wale wanne wasiofaa kuchinjwa, ambao yeye mwenyewe hutukumbusha kila mwaka: chongo aliye wazi uchongo wake, mgonjwa aliye wazi ugonjwa wake, kiguru aliye wazi uguru wake, na aliyekonda hata hana uboho.

"Alikuwa anakula?" akauliza.

"Anakula vizuri."

"Basi hilo jepesi." Akanyamaza kidogo. "Lakini wewe ulipomwona mnadani, ulimwita mgonjwa au mzima?"

"Nilimwita wa bei nafuu."

Akacheka mpaka akashika ndevu. Elfu thelathini nikaitoa sadaka wiki ile ile. Nilisikia nafuu, ingawa si yote.

## Kusahihisha

Agosti, kidole kikiwa kimebaki na alama ya waridi tu, nilikwenda tena kwenye zahanati ya mwanzo. Sikukata namba. Nilikaa kwenye benchi mpaka wagonjwa walipokwisha, nikabisha hodi. Alikuwa yule wa kwanza, wa mke aliyejikata.

"Mwalimu! Kidole?"

"Kimepona. Nimekuja kusahihisha."

Akadhani ni utani wa kiualimu. Nikakaa.

"Ile mbuzi niliyokwambia. Iliyonikata ni ya nazi, kweli. Lakini kulikuwa na mwingine. Wa Idi. Alikuwa na vigaga mdomoni, nami nilimshika na kidole hiki kikiwa na jeraha. Sikusema."

Nikamwekea mezani karatasi yenye herufi tatu. Akaisoma, akaisoma tena. Nilingoja anigombeze, nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo.

Badala yake akavuta rejista kubwa iliyokuwa chini ya meza, akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma, Julai, mwisho wa Juni, akishuka na kalamu mstari kwa mstari.

"Kuna kijana wa buchani," akasema bila kuinua kichwa. "Alikuja wiki moja baada yako. Vidole viwili. Nilimpasua vyote."

Kalamu ikasimama. Akavuta simu yake, akaanza kubonyeza namba iliyoandikwa pembeni mwa mstari.